Gurudumu la Dar Lilivyokunwa na Lami ya Mitwero

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Dar es Salaam likizo ya Juni akiwa na begi moja la nguo na mfuko wa salfeti ambao hakutaka mtu mwingine aushike. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vya magurudumu, vya mitumba, kila kiatu na magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja kama vifungo vya shati. Aliyemuuzia alimwambia ni viatu vya mpira wa magongo, vya kuchezea ukumbini, na kwamba havijatumika sana. Yote mawili yalikuwa kweli. Magurudumu yalikuwa meupe, yanabonyea kidogo ukiyakandamiza kwa ukucha, na ubavuni yamechapwa "76 mm 74A".

Siku ya kumi na mbili yalikuwa yamekwisha.

"Mjomba, nimeuziwa magamba," alinilalamikia jioni hiyo kibarazani kwa bibi yake, pale Mitwero, Lindi. Gurudumu alilonipa lilikuwa limelika upande mmoja hadi kubaki kama kokwa la embe lililonyonywa, na ukingoni vipande vimenyofoka. Nikalipeleka kwa fundi baiskeli wa kijiweni, mtu ambaye hajapata kuvaa viatu vya namna hiyo maishani mwake. Aliligeuza mara mbili, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akatazama barabarani.

"Hili halina ubovu," alisema. "Mmelipeleka kwenye mbuzi."

Mbuzi ya kukunia nazi, alimaanisha. Nimesoma mengi kuhusu magurudumu tangu siku ile, na bado sijakuta maelezo mafupi yanayoishinda kauli ya fundi yule.

Barabara zetu za pwani ya kusini zina lami za namna mbili. Ipo lami nzito, ile ambayo kokoto na lami hupikwa pamoja, humwagwa na kushindiliwa. Ikiwa mpya, uso wake ni laini kiasi. Na ipo lami nyepesi: humwagwa lami ya moto, juu yake hutandazwa kokoto ndogo, kisha mtambo wa kushindilia hupita. Kokoto hizo hubaki zimechomoza, na hilo si kosa la mkandarasi. Tairi la gari linazihitaji ili lishike wakati wa mvua. Ongeza viraka, kwa maana mvua zetu hazina simile: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, Kilwa, na magari yakalala njiani. Barabara iliyozibwazibwa ina makali mapya kila kwenye kiungo.

Tairi la gari limejaa upepo na ni pana. Likikanyaga kokoto, linabonyea kuizunguka na kupita. Gurudumu la kiatu kipenyo chake ni milimita 76, halina upepo ndani, na sehemu inayogusa chini haizidi ukucha wa kidole gumba. Kwa gurudumu hilo kila kokoto ni kidato cha ngazi. Tena mwenye kiatu hasogei kwa kuzungusha magurudumu kama baiskeli. Anasogea kwa kusukuma mguu ubavuni, huku kiatu kimelala upande. Kwa hiyo kila msukumo unaliburuta gurudumu kidogo juu ya zile ncha, upande wa ndani wa mguu, mara maelfu kwa siku. Ndiyo maana lile nililopewa lilikuwa limelika upande mmoja tu.

Sasa tuje kwenye ile 74A. Ni namba ya ugumu, kwa kipimo kiitwacho Shore, jina la Mmarekani Albert Shore aliyebuni kifaa chake katika miaka ya 1920. Kifaa chenyewe ni rahisi: sindano butu yenye springi hubanwa juu ya mpira. Ikikataa kuzama kabisa, namba ni 100. Ikizama yote, ni 0. Raba ya tairi la gari huwa kati ya 60 na 70. Magurudumu ya viatu vya magongo vya mstari mmoja huanzia 72 hivi na kupanda hadi 84 au zaidi kidogo. Ukiyashika mkononi, tofauti ya namba kumi huioni. Ukiyavaa, utaitambua kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza.

Kwa nini basi mtu atengeneze gurudumu laini namna ile, kama linaliwa na barabara kwa siku kumi na mbili? Kwa sababu halikutengenezewa barabara. Kumbi nyingi za mchezo huu huko Marekani na Ulaya zimetandikwa sakafu ya vigae vya plastiki vinavyopachikana kimoja kwa kingine. Plastiki hiyo inateleza, na imewekwa kwa sababu inateleza: kile kisahani wanachokigombea wachezaji lazima kiserereke bila kukwama. Juu ya sakafu kama hiyo, gurudumu gumu linakimbia vizuri likiwa limenyooka, lakini mchezaji akikata kona linamponyoka na anakaa chini bila kupenda. Gurudumu laini, la 72 hadi 76, linajibana kwenye plastiki, linaongeza eneo la kugusana, linashika. Na kwa kuwa plastiki haina ncha za kulikuna, linaweza kudumu msimu mzima.

Gharama yake ni kasi. Kila linapogusa chini, gurudumu laini linabonyea, na linaporudi katika umbo lake halirudishi nguvu zote. Nyingine hugeuka joto. Kila aliyewahi kuendesha baiskeli yenye upepo pungufu anaijua hali hiyo kwa mapaja yake. Upande wa pili kabisa wa jambo hili upo katika historia ya Lindi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kwenda Nachingwea. Chuma juu ya chuma: hakuna kinachobonyea, kwa hiyo nguvu kidogo huvuta mzigo mkubwa. Karanga hazikuota kama walivyoahidiana, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kanuni ya magurudumu yake haikuwa na kasoro. Gurudumu gumu hutaka njia laini. Njia ikiharibika, anayevumilia ni gurudumu laini, nalo hulipa kwa mwili wake.

Kipo kisa kimoja ambacho ningependa kila muuza mitumba akijue. Zamani viatu vya magurudumu vilivaliwa ukumbini. Mmarekani James Plimpton alitengeneza mwaka 1863 kiatu cha magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, ambacho mtu aliweza kukikunja kona kwa kuegemea tu. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya mbao ngumu. Baadaye yakaja ya chuma, na ya mchanganyiko mgumu wenye udongo. Juu ya sakafu ya mbao iliyong'arishwa yalikwenda kama siagi kwenye kikaango. Vijana wakayachukua hayo hayo ya udongo wakayafunga chini ya mbao za kuteleza mitaani, na huko yakawa balaa: kokoto moja tu, gurudumu linasimama, mtoto anaendelea na safari bila ubao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja, Frank Nasworthy, alifika kwenye kiwanda cha plastiki huko Purcellville, jimbo la Virginia, akakuta magurudumu ya poliyurethini. Kiwanda kiliyatengeneza kwa ajili ya kumbi za viatu vya magurudumu, yavaliwe na wanaojifunza, kwa sababu yalishika sakafu na hayakumponyoka mgeni. Wazoefu wa ukumbini hawakuyataka: mazito kwenda, hayana kasi. Nasworthy akayafunga kwenye ubao wake na kushuka nao barabarani. Lile lile lililodharauliwa juu ya mbao iliyong'arishwa, juu ya lami lilipita kimya, likameza vijiwe na kushika kona. Akaanza kuyauza California kwa jina la Cadillac, na leo karibu kila gurudumu la mchezo wa aina hii duniani ni la poliyurethini. Viatu vya mstari mmoja kama vya mpwa wangu vilivuma baadaye, baada ya Scott Olson wa Minnesota, mchezaji wa magongo ya barafuni, kuanza kuviuza mwaka 1980 ili wachezaji wafanye mazoezi hata wakati ambapo hakuna barafu.

Gurudumu halikubadilika kitu kutoka ukumbini hadi barabarani. Kilichobadilika ni kilichokuwa chini yake.

Msomaji atauliza, haya ya viatu vya magurudumu yanatuhusu nini sisi wa korosho na ufuta? Jirani yetu tu hapo ng'ambo ya Ruvuma anacheza mchezo huu kwa kiwango cha dunia. Msumbiji iliupokea mpira wa magongo wa viatu vya magurudumu kutoka kwa Wareno, wenye kiatu kile cha Plimpton cha magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, na badala ya kisahani wanatumia mpira mdogo mgumu. Mwaka 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja kati yetu na wao. Mwaka uliofuata, huko San Juan, Argentina, timu ya taifa ya Msumbiji ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia, nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno. Mwaka 2013 Angola iliandaa mashindano hayo, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Sisi tuliokuwa tukivuka daraja kwenda kuuza mchele na vitenge hatukusikia habari hiyo, au tuliisikia tukaiacha ipite.

Wao huchezea kwenye uwanja wa mita 40 kwa 20, wa mbao au wa saruji iliyolainishwa, na magurudumu yao huwa magumu kuliko ya viatu vya mstari mmoja, mara nyingi 90 na kuendelea. Saruji iliyolainishwa! Hiyo sisi tunayo. Fundi yeyote wa Lindi anayejua kazi anaweza kukupigia sakafu ya niru, akasugua kwa mwiko wa chuma hadi ukajiona sura.

Kaskazini, Nairobi, kila Jumapili vijana hugeuza maegesho ya magari ya katikati ya jiji kuwa uwanja, kwa kuwa siku hiyo magari ni machache. Baadhi ya waliojifunza kwa magurudumu ndio walioingia timu ya magongo ya barafuni, Ice Lions, inayofanya mazoezi kwenye ukumbi mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005. Mwaka 2018 walialikwa Kanada na wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa magongo ya barafuni. Walianzia kwenye lami ya maegesho, ambayo ni afadhali kuliko ya barabarani kwetu, lakini nayo hula magurudumu.

Nirudi Mitwero. Baada ya hukumu ya fundi baiskeli, tulimnunulia kijana seti nyingine, ya 84A, nikampiga marufuku kukanyaga barabara kuu, kwa sababu ya magari zaidi kuliko magurudumu. Shemeji yangu ana sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, ya kuanikia korosho. Juni korosho ziko bado mtini kama maua, au hata maua hayajatoka, na sakafu ni tupu. Hapo ndipo nilipojifunza yaliyobaki.

Jambo la kwanza ni vumbi. Saruji isiyopakwa kitu hutoa unga mweupe ambao macho hayauoni mpaka uufute kwa kitambaa cheusi. Unga ule hukaa kati ya gurudumu na sakafu kama unga wa ngano kati ya chapati na kibao. Siku ya kwanza mpwa wangu aliteleza kila kona, akaanza tena maneno ya magamba. Nikamwambia achukue kitambaa kibichi, afute magurudumu, kisha afagie sakafu kwa ufagio uliolowa maji kidogo. Alipovaa tena, alishika kona kama mjusi. Wachezaji wa kumbi hufuta magurudumu yao kabla ya kila mchezo.

La pili ni unyevu wetu wa pwani. Kusi likipoa alfajiri, sakafu ya niru hutoa jasho. Huyaoni maji, lakini ukipitisha kiganja unahisi baridi nyororo. Juu ya jasho hilo hakuna namba ya A itakayokuokoa, iwe 72 au 90. Tulisubiri saa tatu asubuhi jua likaushe. Na mchana nao una yake: sakafu ikipata moto, poliyurethini hulainika, gurudumu linashika zaidi lakini linalika upesi. Saa kumi jioni ndiyo saa yake.

La tatu ni uzito. Namba ileile si ileile kwa kila mtu. Mpwa wangu ana kilo arobaini na kitu. Juu ya sakafu ya shemeji, 84A ilikuwa ngumu kwake kidogo, haikubonyea vya kutosha kushika. Rafiki yake wa kilo themanini alivivaa viatu vilevile akasema vinashika sawasawa. Kwa mtoto mwepesi juu ya saruji laini, 78 hadi 80 ingemfaa. Kwa mtu mzima mzito, au kwa lami, 82 hadi 84. Kwa vigae vya plastiki, teremka hadi 72 au 76. Muuzaji akikuuliza ukubwa wa mguu wako asikuulize utachezea wapi, basi hajui anachouza.

Kuhusu vile vigae vya plastiki, najua wapo watakaoshawishika kuagiza. Ukumbini sawa. Juani nisingethubutu: plastiki hutanuka ikipata joto, na zisipoachwa nafasi pembeni vigae huinuka katikati kama mgongo wa kobe. Kwa bei ya sakafu moja ya namna hiyo, Lindi ungejenga majukwaa kadhaa ya niru.

Wala utaalamu huo wa sakafu si mgeni hapa. Neno lenyewe, sakafu, limetokana na neno la Kiarabu la dari, kwa kuwa nyumba za mawe za pwani zilifunikwa juu kwa chokaa na mawe yaliyopondwapondwa hadi yakashikana, na dari ya huyu ikawa chini ya yule wa ghorofani. Kilwa Kisiwani walichoma matumbawe kupata chokaa hiyo. Nenda Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, ukaone kazi ya watu waliojua kuufanya uso wa jiwe uwe sawa. Usiende na viatu vya magurudumu. Pale ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981.

Hata mpira wenyewe ulitoka kwetu kabla hatujaletewa. Kabla ya mashamba makubwa ya mpira ya Asia, watu wa bara ya Kilwa na Lindi waliingia misitu ya Donde kugema utomvu wa mtoria, wakauviringisha kuwa matonge na kuuteremsha bandarini. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira huo wa porini ulikuwa mali kubwa ya pwani hii, na jina la utomvu likabaki kwenye kila kitu kinachodunda.

Mambo mawili ya matunzo, kwa walio na viatu hivi ndani. Usingoje gurudumu liishe upande mmoja. Kila baada ya siku chache lifungue, ligeuze upande wa ndani uwe nje, na kuhamisha la kwanza na la tatu, la pili na la nne, kutoka mguu huu kwenda mwingine. Kwa njia hiyo yale ya 74A yangeweza kuishi mara mbili ya siku zile. Pili, beringi. Ni zile za milimita 8 kwa 22, mbili kila gurudumu, na adui zake ni mchanga wa ufukweni na hewa ya chumvi. Usizioshe kwa maji. Zifute, tia tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha, futa yaliyozidi. Zikianza kulia kama kinu kikavu, kutu imeshaingia.

Likizo iliisha na kijana akarudi Dar es Salaam na seti ya 84A ikiwa karibu nzima. Yale meupe nane aliyaacha. Matatu yalikuwa hayafai tena. Matano yaliyobaki tulimpa fundi baiskeli, naye akachukua manne akayafunga chini ya kigari cha mbao ambacho bibi hubebea madumu ya maji kutoka bombani hadi jikoni. Mle ndani sakafu ni ya niru. Kigari hicho kinapita sasa bila hata kuwaamsha wajukuu.